Kidonda Kikubwa cha Kulalia kwa Mzee Dhaifu: Namna ya Kukitibu Bila Upasuaji

Mzee amelala miezi miwili baada ya kiharusi au kuvunjika nyonga, na sasa ana shimo chini ya kiuno, pale mfupa unapogusa godoro. Familia imenunua poda, krimu, vidonge vya antibiotiki na bandeji za bei. Wiki sita zimepita, shimo limepanuka. Ukichunguza utakuta dawa zimebadilishwa mara tano ilhali mzee bado analalia palepale. Nyama iliyobanwa kati ya mfupa na godoro haipati damu, na pasipo damu hakuna krimu wala kidonge kitakachofika. Kwa hiyo hapa tunaanza na mlalo, tunafuata na usafi, kisha chakula. Ukiwa na pesa ya kitu kimoja tu, nunua godoro.

Maelezo haya ni kwa anayemuuguza mzee nyumbani na kwa musawo (mhudumu wa afya) wa kituo cha afya anayemtembelea. Yanahusu vidonda vya kina kwa mtu ambaye moyo, mapafu au umri haumruhusu kupasuliwa. Si jambo la kusikitikia sana: hata pale upasuaji unapowezekana, nyama iliyohamishiwa kwenye shimo hufa tena kama mgonjwa hageuzwi wala hali chakula vizuri.

Kagua mwili mzima, si kidonda kimoja

Mvue nguo zote karibu na dirisha, mchana. Mwanga wa simu hung'arisha ngozi na kuficha rangi. Angalia chini ya kiuno, nyonga za pembeni, visigino, vifundo vya miguu, mifupa ya kukalia, mabega, viwiko, kisogo na masikio. Mzee mwenye kidonda kimoja mara nyingi ana cha pili kinachoanza mahali pengine, hasa kisiginoni, ambako hakuna anayetazama.

Vitabu vingi husema kidonda kinachoanza huonekana kama wekundu usiofifia ukibonyezwa. Kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani. Tumia mgongo wa mkono wako: linganisha joto la mahali hapo na ngozi ya jirani. Bonyeza kwa kidole: je, pamekuwa pagumu kama mti, au panabonyea kama embe lililoiva kupita kiasi? Muulize kama panauma. Tafuta weusi uliozidi au rangi ya zambarau. Zambarau juu ya mfupa ni ishara mbaya: nyama ya ndani imekwisha kuumia, na baada ya siku chache ngozi inaweza kufunguka na kuonyesha shimo ambalo familia itadhani limetokea usiku mmoja.

Madaraja ni manne. La kwanza ngozi ni nzima lakini imebadilika. La pili ngozi ya juu imechubuka au kuna lengelenge. La tatu shimo limefika kwenye mafuta. La nne unaona au unagusa msuli, kano au mfupa. Kidonda kilichofunikwa kabisa na gamba jeusi au utando mzito wa njano hakipewi daraja mpaka sakafu yake ionekane, lakini kichukulie kuwa cha tatu au cha nne.

Usichanganye na ngozi iliyoungua kwa mkojo na kinyesi. Hiyo huenea kwenye mikunjo ya makalio, haina kina, na kingo zake hazieleweki. Kidonda cha kulalia hukaa juu ya mfupa.

Pima siku ya kwanza, na kila wiki siku ileile, mzee akiwa amelala kwa namna ileile. Urefu pima kutoka kichwani kwenda miguuni, upana kutoka ubavu hadi ubavu, na kina kwa kijiti safi cha pamba. Zungusha kijiti chini ya kingo taratibu. Mara nyingi kuna pango lililojificha chini ya ngozi inayoonekana nzima. Andika pango liko upande gani kwa kutumia uso wa saa, kichwa cha mgonjwa kikiwa kwenye namba 12. Hapa kuna kosa la kwetu wenyewe: andika namba iliyochapishwa kwenye saa, si saa ya kutamka. Ukiandika "pango saa sita", mmoja ataelewa upande wa kichwa na mwingine upande wa miguu.

Hali zisizosubiri

Mpeleke kituo cha afya cha ngazi ya nne (Health Centre IV) au hospitali siku hiyohiyo ukiona homa au mwili kuwa baridi isivyo kawaida, kuhema haraka, kuchanganyikiwa kwa ghafla, au mzee aliyekuwa akila kukataa chakula. Mzee dhaifu anaweza kuwa na sumu ya bakteria kwenye damu bila homa yoyote, kwa hiyo usingoje kipimajoto kikuthibitishie. Sababu nyingine ni ugumu, uvimbe na joto vinavyosambaa kuzunguka kidonda, usaha unaotoka ndani, ngozi inayotoa sauti ya kuchakacha ukiibonyeza, damu isiyokoma, na kijiti kugusa kitu kigumu chenye kukwaruza. Hicho huenda ni mfupa, na mfupa ulioambukizwa hautibiwi kwa poda.

Uliza pia kuhusu chanjo ya pepopunda. Kidonda cha wiki nyingi ni mlango wa pepopunda, na wazee wengi hawajui walichanjwa lini au hawakuchanjwa kabisa.

Mlalo

Godoro la sponji lililozama katikati halifai hata likiwa na foronya mpya. Fanya jaribio la mkono: mzee akiwa amelala, pitisha mkono wako chini ya godoro, kiganja kikitazama juu, chini kabisa ya pale mfupa wa kiuno ulipo. Ukihisi mwili wake umeshuka karibu na kiganja, sponji imekwisha. Inatakiwa ibaki angalau sentimita 2.5 ya sponji isiyobanwa kati ya mkono na mwili. Nunua sponji nzito yenye unene wa inchi 6. Ikiwa haitoshi mfukoni, weka sponji ya inchi 3 iliyo laini juu ya godoro gumu la zamani, kisha rudia jaribio. Usikate tundu katikati ili kidonda "kipumue": kingo za tundu hubana nyama pembeni na kuzuia damu inayokwenda kwenye kidonda. Kwa sababu hiyohiyo tupa mipira ya duara ya kukalia, hata kama duka la dawa limeiweka kwenye kioo cha mbele.

Godoro la upepo lenye mota ni zuri, ila linategemea umeme. Umeme ukikatika vifuko hunywea na mzee hubaki kwenye chaga. Liweke juu ya sponji, kamwe si badala yake. Kila asubuhi angalia kama bomba halijajikunja, na piga lile jaribio la mkono. Shuka moja tu juu yake. Ukiongeza blanketi, kitenge na kaveera (karatasi ya plastiki), umelipa pesa ya godoro la upepo na unalala juu ya nguo.

Kaveera yenyewe ni ya kukinga godoro dhidi ya mkojo, lakini ikigusana na ngozi kupitia shuka jembamba huleta jasho na mikunjo. Ifunge kwenye sponji iliyonyooshwa, halafu shuka nene la pamba juu, livutwe pembe zote nne.

Mzee anayelala kwenye mkeka ahamishwe. Haijadiliwi.

Kugeuza ni kila saa mbili mchana. Usiku, kama godoro limefaulu jaribio na ngozi haina alama mpya asubuhi, unaweza kugeuza kila baada ya saa tatu hadi nne ili yeye na wewe mlale. Kama kidonda kipo chini ya kiuno, mzunguko ni ubavu wa kulia na wa kushoto tu, chali ni wakati wa kula. Bandika ukutani karatasi yenye saa na upande, na kila aliyegeuza aweke alama. Bila karatasi, kila mtu nyumbani huamini mwingine amegeuza.

Namna ya kumlaza ubavuni ndiyo inayokosewa zaidi. Usimlaze ubavu kamili, kwa sababu uzito wote hukaa kwenye mfupa wa nyonga na utaamka na kidonda cha pili. Mwinamishe nyuzi 30 tu: mto mmoja mgongoni kutoka begani hadi kiunoni, goti la juu likunjwe kidogo, mto mwingine kati ya magoti na vifundo. Halafu pitisha mkono chini ya kiuno. Mfupa wenye kidonda usiguse godoro, na mfupa wa nyonga wa upande wa chini usibebe uzito. Kama huna mito ya kutosha, mafundi magodoro huwa na mabaki ya sponji. Shona vipande ndani ya foronya.

Visigino vielee hewani. Weka mto uliolala kwa urefu chini ya mashavu yote mawili ya miguu, kutoka chini ya goti hadi juu kidogo ya kifundo, magoti yakiwa yamekunjika kidogo sana. Glovu iliyojazwa maji chini ya kisigino, ambayo bado inaonekana wodini, haiinui chochote.

Kichwa cha kitanda kisipande zaidi ya nyuzi 30 isipokuwa wakati wa kula na nusu saa baada yake. Mwili ukiwa umeinuliwa huteleza chini polepole. Ngozi hubaki imeshika shuka huku mfupa ukishuka, na mishipa midogo ya damu hunyongwa katikati. Mapango yale ya chini ya kingo hutokana hasa na mvuto huu. Kwa sababu hiyo mzee hainuliwi kwa kushikwa makwapa na kuburutwa. Tandika shuka dogo lililokunjwa mara mbili kutoka mabegani hadi mapajani, watu wawili washike karibu na mwili, wahesabu tatu, wanyanyue.

Kukaa kitini kunasaidia mapafu na hamu ya kula, lakini kwa mwenye kidonda cha chini ya kiuno au cha mifupa ya kukalia, kisizidi saa moja kwa mara moja, hadi mara tatu kwa siku, juu ya sponji nzito. Kiti cha plastiki barazani kuanzia asubuhi hadi jua kuzama kimeharibu makalio mengi. Na usisugue wala kukanda ngozi iliyobadilika rangi juu ya mfupa, kwa mafuta ya aina yoyote.

Kuosha na kufunga

Mpe dawa ya maumivu kwanza. Paracetamol miligramu 500 dakika 45 kabla inatosha kwa wengi walio chini ya kilo 50, isizidi mara nne kwa siku. Diclofenac, ambayo duka la dawa hutoa haraka, iepuke: figo na tumbo la mzee anayekunywa maji kidogo haviistahimili. Maumivu yakizidi, usiwe na haya kuuliza morphine ya maji. Uganda inatengeneza dawa hiyo nchini kupitia Hospice Africa Uganda, taasisi iliyoanzishwa 1993 na daktari Anne Merriman, na wagonjwa huipata bila malipo. Tangu 2004 sheria inawaruhusu pia wauguzi na maafisa tabibu waliosomea tiba shufaa (huduma ya kupunguza maumivu kwa wagonjwa wasiotarajiwa kupona) kuiandika, kwa hiyo hulazimiki kumtafuta daktari bingwa. Kwa mzee dhaifu huanzwa na miligramu 2.5 kila saa nne, ikiambatana na dawa ya kulainisha choo. Dozi moja ikiangukia nusu saa kabla ya kufunga kidonda, kazi huwa nyepesi kwenu nyote.

Maji ya kuoshea: chemsha maji dakika 10 kwenye sufuria iliyofunikwa, pima nusu lita, tia chumvi ya jikoni kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa kwa kisu. Yapoe mpaka yawe vuguvugu, kwa sababu maji baridi hupunguza damu kwenye kidonda. Yasiyotumika yamwagwe baada ya saa 24. Chupa ya dripu ya chumvi ni sawa pia, na chumvi ikikosekana, maji safi yaliyochemshwa yanatosha. Wingi na msukumo ndivyo vinavyosafisha.

1. Nawa mikono kwa sabuni, vaa glovu, toa bandeji ya zamani. Ikiwa imeganda, ilowanishe dakika tano. Ukiivuta kavu unang'oa nyama mpya. Itazame kabla ya kuitupa: imelowa kiasi gani, rangi gani, harufu gani. Harufu halisi ya kidonda hupimwa baada ya kuosha, kwani bandeji ya siku mbili hunuka hata kidonda kikiwa salama.

2. Vaa glovu mpya. Vuta maji kwenye sirinji ya mililita 20, weka kanula (mrija mdogo wa dripu) ya kijani namba 18 ambayo sindano yake imetolewa, ushike sentimita 3 hivi kutoka kwenye kidonda na kusukuma kwa nguvu ya kawaida. Elekeza ndani ya mapango pia. Sirinji tano hadi kumi kwa kidonda cha ukubwa wa kiganja, hadi maji yatoke safi. Kumwagilia tu kwa kikombe hakuondoi uteute, na kusugua kwa pamba huacha nyuzi ndani.

3. Kausha ngozi ya pembeni kwa kugusagusa. Paka vaseline au krimu ya zinki upana wa vidole viwili kuzunguka kidonda, ili majimaji yasiioze.

4. Loweka shashi kwenye maji ya chumvi, ikamue iwe na unyevu bila kudondosha, ifungue na kuilaza ndani ya shimo kwa ulegevu. Iguse sakafu na iingie mapangoni. Usiishindilie, kwa sababu shashi iliyojazwa kama pamba ya mto ni mgandamizo mwingine kutoka ndani. Tumia kipande kimoja kirefu na uache ncha nje. Vipande vidogo viwili vitatu husahaulika, na vikisahaulika kidonda hunuka wiki nzima bila sababu kujulikana.

5. Funika kwa shashi kavu na pamba nene. Bandika utepe kwa kuzunguka kingo zote nne bila kuuvuta. Kama ngozi ni nyembamba kama karatasi, acha utepe na ushikilie kwa nepi au chupi laini.

Ratiba: kidonda chenye majimaji mengi kifungwe mara moja hadi mbili kwa siku. Shashi ya maji ya chumvi isiachwe ikakauka, hivyo iongezwe maji au ibadilishwe kila baada ya saa 8 hadi 12. Ndiyo kazi yake ngumu, na ndiyo sababu tunapenda vitu vinavyotunza unyevu muda mrefu zaidi. Shashi ya parafini kutoka duka la dawa (iliyopakwa mafuta laini kama vaseline, si mafuta ya taa) inafaa juu ya nyama nyekundu. Japani walijaribu karatasi laini ya plastiki ya kufunikia chakula, iliyotobolewa na kuwekewa pedi ya kunyonya juu, kwa vidonda vya daraja la pili na la tatu. Matokeo yaliyochapishwa 2012 yalionyesha kuwa vilipona kwa muda usiotofautiana kwa maana na matibabu ya kawaida. Toboa matundu madogo mengi, funika kwa nepi, osha kila siku. Si ya kidonda chenye maambukizi.

Jani la mgomba nalo linastahili heshima yake. India limetumika hospitalini kwa majeraha ya moto kwa sababu haligandi kwenye nyama. Chagua jani lisilochanika, toa mti wa katikati, osha, pika kwa mvuke nusu saa kama unavyopika matooke, lipoe ndani ya sufuria likiwa limefunikwa. Liweke juu ya kidonda kisicho na kina chenye nyama nyekundu, pamba juu yake, litumike mara moja. Mvuke wa jikoni hupunguza vijidudu bila kuvimaliza, kwa hiyo kwenye shimo refu au mfupa ulio wazi usilitumie.

Nyama iliyokufa

Utando wa njano au kijivu ni chakula cha bakteria na huzuia nyama mpya kuota. Bila kisu, njia ni kuuyeyusha taratibu. Asali hufanya kazi hii vizuri: huvuta majimaji, hulegeza utando, hupunguza harufu. Bora ni asali ya kitabibu iliyosafishwa kwa mionzi. Ya sokoni huchanganywa na sukari, na hata iliyo halisi inaweza kubeba mbegu za bakteria. Usiichemshe: joto huua kimeng'enya kinachoipa nguvu na haliui mbegu hizo. Kadiria mililita 20 kwa shashi ya sentimita 10 kwa 10, lowesha shashi badala ya kumimina shimoni, badilisha kila siku. Mzee anaweza kulalamika kuwa inachoma nusu saa ya kwanza. Isipotulia, acha. Ukikosa asali, sukari nyeupe ya kawaida inayojaza shimo na kubadilishwa mara mbili kwa siku hufanya kazi inayofanana.

Papai bichi lililopondwa hula utando haraka, na hospitali za Afrika zimelitumia kwenye majeraha ya moto. Haraka hiyo ndiyo inayotutia wasiwasi. Likigusa nyama nyekundu linauma na linaweza kutoa damu, na mzee anayetumia dawa za kuyeyusha damu hapaswi kuwekewa. Kwa mtu dhaifu tunapendelea asali.

Gamba jeusi gumu kwenye kisigino, lililo kavu, limeshika pande zote, bila uvimbe wala majimaji, liache. Ni kifuniko cha asili, na mara nyingi damu ya mguu ni hafifu. Lipake iodini ya povidone likae kavu, acha kisigino kielee hewani, chungulia kila siku. Kingo zikilainika au zikinuka, ni hospitali. Gamba la chini ya kiuno ni tofauti: hilo lilainishwe kwa unyevu, au musawo mwenye mafunzo alipunguze kidogokidogo kwa mkasi. Wembe wa nyumbani hapana.

Vitu visivyoingia kidondani: spiriti, peroksidi, Dettol, JIK, dawa ya zambarau ya gentian, majivu, dawa ya meno, kinyesi cha ng'ombe, na unga wa vidonge vya antibiotiki vya rangi mbili. Unga ule hutengeneza ganda juu huku usaha ukibaki chini, na bakteria huzoea dawa ambayo kesho utaihitaji kwa ajili ya mapafu. Kuna mambo mawili tu ya kipekee. Kidonda chenye harufu ya kuoza huwekewa metronidazole: saga kidonge kimoja hadi viwili vya miligramu 200 mpaka viwe vumbi, nyunyiza baada ya kuosha, kila siku kwa siku 5 hadi 7. Kidonda chenye ukijani na harufu tamu ya ajabu huwekewa siki nyeupe ya asilimia 5, sehemu moja kwa sehemu tisa za maji yaliyochemshwa. Lowesha shashi, weka dakika 10, suuza, kwa wiki moja isizidi mbili.

Kupeleka usaha maabara wakati hakuna dalili za maambukizi ni kupoteza pesa. Kila kidonda kilicho wazi kina bakteria, na jibu litakuja na majina matatu yasiyokusaidia.

Mkojo, choo na chakula

Nepi ikaguliwe kila unapomgeuza. Osha kwa maji vuguvugu bila kusugua, paka vaseline. Kama kidonda cha chini ya kiuno kinalowa mkojo kila siku, mpira wa mkojo kwa wiki chache una sababu. Utolewe mara nyama nyekundu ikijaa, maana nao huleta maambukizi yake.

Kidonda kikubwa hutoa protini kwenye majimaji kila siku, na sahani ya matooke na mchuzi mwembamba hairudishi kinachotoka. Lengo ni gramu 1.25 hadi 1.5 za protini kwa kila kilo ya mwili. Kwa mzee wa kilo 45 ni kati ya gramu 56 na 68. Zinapatikana hivi: mayai mawili (gramu 12), vikombe viwili vya maziwa (16), kikombe cha maharage yaliyopikwa (15), vijiko viwili vya chakula vya odii (rojo la ufuta na karanga) au karanga za kusaga (7), vijiko viwili vya unga wa mukene, yaani dagaa (6 hivi). Unga wa mukene uchanganywe kwenye mchuzi wa karanga dakika za mwisho, hata asiyependa harufu hula. Nguvu nazo zinahitajika, kalori 30 hadi 35 kwa kilo, la sivyo mwili huchoma protini kama kuni: ongeza mafuta kijiko kwenye uji wa ulezi, na maziwa badala ya nusu ya maji. Mara sita kidogokidogo ni bora kuliko mara mbili sahani kubwa. Kunywa lita moja na nusu kwa siku, isipokuwa moyo au figo zimekatazwa maji. Mwenye ugonjwa wa figo aulize kabla ya kuongeza protini.

Akikohoa wakati wa kumeza, mwinue wima, mpe vizito kama uji mzito. Pima sukari na damu mara moja mwanzoni: kisukari kisichodhibitiwa na upungufu wa damu hukwamisha kila kitu kilichoandikwa hapo juu. Matunda na mboga za kila siku zinatosha kwa vitamini. Makopo ya zinki na vitamini C ya dozi kubwa hayana haja kwa asiye na upungufu.

Kinaendaje?

Wiki mbili za kwanza kidonda kinaweza kuonekana kikubwa zaidi, kwa sababu utando uliokuwa umejaza shimo umeondoka. Hilo si kurudi nyuma, mradi sakafu ni nyekundu, yenye chembechembe na yenye kung'aa. Nyama ya rangi ya kijivu iliyopauka, au inayotoka damu kwa kuguswa kidogo, inasema kuna maambukizi au shinikizo. Kama wiki mbili zimepita na vipimo havijasogea, usikimbilie dawa mpya. Anza upya na jaribio la mkono, soma karatasi ya ukutani, hesabu mayai. Baada ya hapo ndipo umshuku mfupa. Cha daraja la nne huchukua miezi, na kikifunga, ngozi ya kovu haifikii tena nguvu ya ile ya zamani. Ratiba ya kugeuza inaendelea.

Wapo ambao kidonda chao hakitapona: saratani imeenea, moyo umechoka, hawali tena. Siku za mwisho ngozi yenyewe huanza kushindwa, na kidonda cha zambarau chenye umbo la peasi au kipepeo kinaweza kutokea chini ya kiuno kwa saa chache hata kwa anayeuguzwa vizuri. Familia isilaumiwe. Hapo kazi hubadilika: kufunga kidonda mara chache kwa kitu kisichoganda, pamba nene ya kunyonya, metronidazole kwa harufu, beseni la makaa makavu chini ya kitanda linalobadilishwa kila siku chache, dirisha wazi. Mgeuze kwa ajili ya starehe yake tu, nusu saa baada ya morphine, na kama ana upande mmoja anaotulia, muache alalie huo.